Papa wa Greenland na nyangumi wa Aktiki: je, baridi ndiyo siri ya umri wao?

#1 Msafiri_wa_Pwani

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye maji ya barafu ya kaskazini, kuanzia Alaska na Kanada hadi Greenland, wamo viumbe wawili waliowapita kwa umri wanyama wenye uti wa mgongo karibu wote. Wa kwanza ni papa wa Greenland, samaki wa gegedu anayeweza kushuka kina cha zaidi ya mita 2,000. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Julius Nielsen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walitangaza kwamba walipima papa majike 28, na mkubwa kuliko wote, mwenye urefu wa mita 5.02, wakamkadiria miaka 392. Wa pili ni nyangumi wa Aktiki, yule mweusi mwenye kidevu cheupe asiye na pezi mgongoni. Anafika mita 18 na tani 80 au zaidi, na mmoja alikadiriwa miaka 211.

Hawa wawili hawana undugu wa karibu. Papa anavuta hewa kwa matamvua na damu yake ni baridi. Nyangumi anapanda juu kupumua, ananyonyesha, damu yake moto. Kinachowakutanisha ni maji yale ya karibu nyuzi 0. Mimi nasema baridi ndiyo inayorefusha maisha. Mwenye hoja nyingine aiweke mezani.

#2 Kibatali

Uzi mzuri. Ila hiyo 392 usiitaje peke yake, mkuu. Ni namba ya katikati. Makadirio yenyewe yanaanzia miaka 272 hadi 512. Cha kusema kwa uhakika ni kwamba alivuka 272, na hiyo peke yake inatosha kumpita nyangumi.

#3 Fundi_Maabara

Nimuunge mkono Kibatali, kisha nieleze walivyopima, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Samaki wa mifupa unampasua kichwa, unatoa vijiwe vya masikioni na kuhesabu pete zake. Papa wengi husomwa kwa pete za kwenye pingili za uti wa mgongo. Papa wa Greenland pingili zake ni laini mno, hazina pete za kusomeka. Ndiyo maana kwa miaka mingi hakuna aliyejua umri wake. Kilichojulikana ni kwamba hukua chini ya sentimita 1 kwa mwaka.

Wakaenda kwenye jicho. Kiini cha lenzi huundwa mtoto akiwa bado tumboni, na protini zake hazibadilishwi tena mpaka kifo. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalijaza hewani kaboni-14, yaani kaboni yenye mnururisho, ikaingia baharini, ikaingia kwenye chakula cha samaki. Papa aliyezaliwa baada ya hapo anayo alama hiyo ndani ya lenzi. Kati ya wale 28, ni wadogo kabisa tu walioonyesha alama. Waliobaki walikuwa wamezaliwa kabla ya mabomu, na umri wao ulikadiriwa kwa kuoanisha kaboni ya jicho na urefu wa mwili.

Nyangumi naye alipimwa kwa jicho, kwa njia nyingine. Asidi ya aspatiki iliyomo kwenye lenzi ina sura mbili, ya kushoto na ya kulia. Mwili huunda ya kushoto, na miaka inavyokwenda baadhi hugeuka kuwa ya kulia. Utafiti wa macho ya nyangumi 48 waliovuliwa Alaska ulichapishwa mwaka 1999, na humo ndimo ilimotoka hiyo 211. Nayo ina pengo lake, kama miaka 35 juu au chini.

Kwa hiyo mwenye kulinganisha ajue analinganisha saa mbili tofauti.

#4 ChumviNyingi

Kobe mmewasahau? Pale Changuu, Unguja, wapo kobe wakubwa ambao asili yao ni zawadi kutoka Shelisheli, na wengine wanasemekana wamevuka miaka 150. Nimewalisha mimi mwenyewe majani.

#5 Kibatali

ChumviNyingi, kobe ametembelewa na watalii, sasa amehamia kwenye uzi wa barafu 😄

Kobe mwenye kumbukumbu nzuri ni Jonathan wa kisiwa cha St Helena, naye asili yake ni Shelisheli. Anakadiriwa kuzaliwa mwaka 1832 au karibu na hapo. Mwenye rekodi ya wanyama waliohesabiwa umri kwa uhakika ni chaza mmoja wa Iceland aliyehesabiwa pete za gamba lake zikafika miaka 507. Lakini chaza hana uti wa mgongo, mleta uzi kajilinda hapo.

#6 ChumviNyingi

Bado kobe ana hoja. Huyo hajawahi kuona barafu maisha yake yote. Baridi yake iko wapi?

#7 Mkaazi_Tromso

Salamu kutoka Norwe. Nafanya kazi ya samaki huku mwaka wa nane sasa, na hoja ya baridi hainiingii hata kidogo. Ndani ya maji hayohayo yupo chewa mdogo wa Aktiki, anayeogelea hata chini ya barafu. Anaishi miaka saba hivi, basi. Baridi anayo yote, umri hana.

Kingine: huyo papa ni mzito wa mwendo kupita kiasi. Vifaa alivyofungwa mgongoni vilionyesha wastani wa kama kilomita 1 na kidogo kwa saa. Mtu mzima akitembea bila haraka anamwacha. Na bado tumboni mwake hukutwa nyama ya sili! Wengi huku wanaamini humkuta sili akiwa amelala majini.

#8 Msafiri_wa_Pwani

Mkaazi, chewa mdogo ana gramu chache. Baridi inahitaji mwili mkubwa wa kuitumia. Papa mkubwa mwenye damu baridi, moyo unapiga polepole, chakula kinatumika polepole, kila kitu kinachakaa polepole. Hiyo ndiyo maana yangu.

#9 DadaMuuguzi

Hapo umemweleza papa, nyangumi umemwacha. Ndani ya mwili wa nyangumi wa Aktiki joto linakaribia nyuzi 34. Amevaa mafuta chini ya ngozi yanayokaribia nusu mita. Baridi iko nje, moyo na ini na figo vinafanya kazi kwenye joto. Sasa baridi inamrefushia maisha kwa njia gani?

#10 Ngalawa

Basi jibu ni ukubwa. Tembo anaishi kuliko mbuzi, mbuzi kuliko panya. Nyangumi ni mkubwa, papa wa Greenland ni mkubwa, wote wanaishi sana. Kwisha habari.

#11 Fundi_Maabara

Haijaisha. Nyangumi wa bluu ndiye mkubwa kuliko wanyama wote, anafika mita 30, na umri wake unatajwa kuwa miaka 80 hadi 90. Wa Aktiki ni mdogo kwake lakini anamzidi zaidi ya mara mbili.

Na upande wa wadogo, twende Kenya, Ethiopia na Somalia: yupo fuko asiye na manyoya. Uzito wake ni gramu 30 au 40, sawa na panya wa nyumbani. Panya akila miaka mitatu amezeeka, fuko huyu amekwishaishi zaidi ya miaka 30 kwenye maabara. Hana ukubwa, hana barafu.

#12 BintiWatamu

Asante Fundi kwa kutukumbuka Kenya 🙏

Naomba niseme la nyangumi wetu. Huku kwetu kuanzia Julai hadi Oktoba hupita nyangumi wenye nundu, wanatoka kusini kwenye barafu ya Antaktika wanakuja kuzaa kwenye maji ya joto. Nimewaona wakiruka nje ya mwamba wa Watamu. Wao nusu ya mwaka wako kwenye baridi kali. Kama baridi ingekuwa dawa nao wangefika miaka 200, na sijasikia mtafiti yeyote akiwapa umri huo.

#13 Mzee_wa_Jarife

Hamjambo wanangu. Nimevua papa kwa jarife toka ujana wangu, Kilwa na Mafia. Mimi si msomi wa vinasaba lakini papa namjua.

Papa wetu ni wa aina nyingi: papa nyundo, papa chui, papa potwe ambaye hatumuui. Hawalingani umri. Wengine wadogo wanazaa wakiwa na miaka michache tu. Wote wana gegedu. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema ni gegedu inayompa papa maisha marefu.

#14 Fundi_Maabara

Shikamoo mzee. Umenena. Na huyo potwe alipimwa kwa kaboni ileile ya mabomu. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha mmoja aliyekutwa Pakistani akiwa na miaka kama 50. Bahari hiihii yetu ya Hindi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na bado hajafika hata robo ya umri wa yule wa Greenland.

#15 Tabibu_Asilia

Mzee, gegedu haina kazi? Papa hapati saratani kwa sababu ya gegedu yake. Kuna vidonge vya gegedu ya papa vinauzwa, watu wanavitumia.

#16 DadaMuuguzi

Tabibu, hapa nakuomba usikilize vizuri, maana hili linagharimu maisha ya watu. Papa WANAPATA uvimbe na saratani, imeandikwa kwa aina nyingi za papa. Vidonge vya gegedu vilijaribiwa hospitalini kwa wagonjwa wa saratani na havikuwasaidia. Nimehudumia mama aliyeacha dawa zake kwa miezi akitumia vidonge hivyo. Aliporudi, uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Tafadhali usivitangaze kwenye uzi huu.

#17 Kibatali

DadaMuuguzi +1. Mods wapitie #15.

Ila suala la saratani ni la msingi kwa upande wa nyangumi. Saratani huanza kwenye seli moja iliyoharibika. Nyangumi ana seli nyingi kuliko binadamu mara elfu na zaidi, na anaishi mara mbili na nusu ya binadamu. Kwa hesabu ya kawaida asingefika hata utu uzima. Mwingereza Richard Peto aliliona hilo fumbo miaka ya 1970, kwamba wanyama wakubwa hawaugui saratani zaidi ya wadogo. Kwa hiyo Ngalawa, ukubwa ni mzigo. Mnyama mkubwa anayeishi sana lazima awe na kinga ya ziada.

#18 Mwanafunzi_Bayolojia

Na kinga yenyewe imeanza kujulikana! Vinasaba vya nyangumi wa Aktiki vilisomwa vyote na kuchapishwa mwaka 2015, vikakutwa na tofauti kwenye jeni za kutengeneza DNA iliyovunjika. Halafu mwaka 2025 kundi la Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, likatoa utafiti kwenye jarida la Nature. Waliona seli za nyangumi huyu zina protini iitwayo CIRBP kwa wingi mno kuliko za mamalia wengine. Protini hiyo inasaidia kuunga DNA iliyokatika pande zote mbili, na kuiunga kwa usahihi. Walipoiweka kwenye seli za binadamu, nazo ziliunga vizuri zaidi.

Papa naye: vinasaba vyake vilisomwa na matokeo yakatolewa 2024, na humo wamekuta jeni za kutengeneza DNA zikiwa zimejirudia nakala nyingi.

Kwa hiyo hoja yangu ni ukarabati wa DNA. Viumbe wawili tofauti, kila mmoja kwa njia yake, wamefika kwenye ufundi uleule.

#19 Msafiri_wa_Pwani

Mwanafunzi, asante sana, umenipa silaha. Hiyo CIRBP jina lake lote linasema ni protini inayoamshwa na baridi! Na kwenye utafiti huohuo, seli zilipopozwa nyuzi chache tu protini iliongezeka. Baridi imerudi kwa mlango wa mbele.

#20 DadaMuuguzi

Haijarudi. Seli za nyangumi zinaijaza protini hiyo hata zikiwa kwenye joto la mwili. Ndiyo tofauti yake na sisi.

#21 Msafiri_wa_Pwani

Na nani aliyezifundisha kuijaza, kama si maelfu ya miaka kwenye barafu?

#22 Ngalawa

Wakati wakubwa wanapigana, swali la jikoni: huyo papa wa Greenland analiwa?

#23 Mkaazi_Tromso

Ngalawa kila uzi lazima ufike jikoni 😂

Nyama yake ikiwa mbichi ni sumu, imejaa urea na kemikali nyingine inayomsaidia kuhimili mgandamizo wa kina. Mbwa wa sleji wakiila wanalewa, hawasimami. Watu wa Iceland huivundika wiki kadhaa, kisha huitundika kwenye kibanda cha upepo kwa miezi. Wanaiita hákarl. Nilionja Reykjavik. Harufu ya amonia inakupanda puani kabla hujatia mdomoni.

#24 Mzee_wa_Jarife

Harufu hiyo tunaijua. Papa yeyote akilala bila chumvi anaanza kunuka hivyohivyo. Ndiyo maana papa hupasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani akawa ng'onda. Zamani majahazi ya Washihiri yalikuja na kaskazi yakileta papa mkavu hadi Unguja na Mombasa. Na ini halikutupwa: lilitoa sifa, yaani mafuta ya papa, tukapaka jahazi ili mbao zisiliwe.

#25 Mkaazi_Tromso

Mzee, Wanorwe nao walimvua papa huyu kwa ajili ya ini miaka mingi, mafuta yake yakawasha taa na kulainisha mashine. Na hapa kuna jambo linaloniuma. Jike hukomaa akiwa na miaka kama 150. Wale walioyeyushwa maini karne iliyopita pengo lao halijazibwa mpaka leo, na bado wengine wananaswa kwenye nyavu za samaki wengine. Papa aliyezaliwa kabla ya reli ya Uganda kujengwa anaweza kuwa bado hajazaa hata mara moja.

#26 BintiWatamu

Hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili. Inatisha.

#27 Nahodha_Salim

Salaam kutoka Maskati. Kwa nyangumi kuna ushahidi mwingine usiohitaji maabara, nimeshangaa haujatajwa. Mwaka 2007 wavuvi wa Kiinupiati huko Barrow, Alaska, walimvua nyangumi wa Aktiki, na wakati wa kumpasua wakakuta kipande cha chusa cha baruti kimezama kwenye mfupa karibu na shingo. Chusa hicho kilitengenezwa New Bedford, Massachusetts, na aina yake ilipewa hataza mwaka 1879. Wakakadiria nyangumi alikuwa na miaka kati ya 115 na 130. Yaani alichomwa, akapona, akaogelea na chuma hicho zaidi ya karne moja. Kabla ya hapo walikuwa wameshakuta ndani ya nyangumi wengine ncha za vyusa vya jiwe na pembe, silaha ambazo mababu zao waliziacha karne ya 19.

Wale Wainupiati walikuwa wakisema siku zote kwamba nyangumi hao huishi umri wa watu wawili. Wasomi walikuja kukubali baadaye.

Hoja yangu sasa. Hawa wawili wanaishi sana kwa sababu hawana adui. Mnyama anayeliwa mapema hana haja ya mwili wa kudumu, anazaa upesi apite. Asiyeliwa, wale wenye miili imara ndio wanaoacha watoto wengi.

#28 Fundi_Maabara

Nahodha, hoja ni nzito, na inamfaa hata kobe wa ChumviNyingi na fuko aliye chini ya ardhi. Lakini nyangumi wa Aktiki anaye adui: nyangumi muuaji. Wamekutwa wengi na makovu ya meno yake kwenye mikia. Na wavuvi wa kutoka Ulaya na Marekani walikaribia kuwamaliza kwa ajili ya mafuta na zile fito za mdomoni, zinazofika mita 4, zilizoshonwa kwenye nguo za wanawake.

#29 Nahodha_Salim

Wavuvi wa meli ni wa jana tu kwa hesabu ya viumbe hawa. Na nyangumi muuaji ana pezi refu mgongoni, barafu nzito inamzuia, wakati wa Aktiki anaivunja kwa kichwa na kupumua. Barafu ni ngome yake.

#30 Msafiri_wa_Pwani

Barafu tena! Nahodha karibu upande wangu.

#31 MtotoWaTanga

Kuna samaki wa Tanga hapa hajatajwa: silikanti. Tangu 2003 wavuvi wa Kigombe na jirani wamekuwa wakimnasa kwenye majarife ya kina, hadi ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nadhani naye ni jamaa ya papa, wa kale.

#32 Kibatali

Si jamaa ya papa. Silikanti yuko upande wa samaki wa mifupa, yuko karibu zaidi na sisi wenye miguu kuliko na papa. Ila umeleta kitu kikubwa. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walisoma upya pete za magamba yake wakamkadiria miaka 100 hivi, kukomaa kwake miaka 50 na kitu, na mimba miaka mitano. Na haishi kwenye barafu. Yuko kwenye miamba ya kina cha mita mia na zaidi, maji yenye nyuzi 15 hadi 20.

#33 Mwanafunzi_Bayolojia

Hapo nadhani ni mwendo wa maisha wenyewe. Silikanti hukaa mapangoni mchana, hatumii nguvu nyingi. Papa wa Greenland vilevile. Kukomaa kwa kuchelewa na kuishi sana vinakwenda pamoja.

#34 DadaMuuguzi

Nyangumi wa Aktiki hukomaa na miaka 25 hivi, halafu anazaa kila baada ya miaka mitatu au minne. Kati ya 200 hiyo si kuchelewa. Tunaweza kuwa tunatafuta sababu moja kwa vitu viwili visivyofanana.

#35 ChumviNyingi

Swali la mwisho kabla sijalala. Nimesoma papa huyo ana mdudu anayening'inia kwenye jicho, kwa hiyo ni kipofu. Sasa walipimaje jicho bovu?

#36 Fundi_Maabara

Mdudu yupo, anajishika kwenye konea, sehemu ya mbele kabisa. Lenzi iko nyuma yake, haiguswi. Na habari ya upofu inatiliwa shaka: watafiti wa karibuni waliochunguza retina za papa hawa, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, wengine wakikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100, walizikuta nzima, seli za kuonea mwanga hafifu zipo na hazijachakaa. Waliona pia jeni za kukarabati DNA zikifanya kazi humo.

#37 Mwanafunzi_Bayolojia

Ukarabati!

#38 Msafiri_wa_Pwani

Jicho lililo nje kabisa, kwenye maji ya nyuzi 1, miaka mia na zaidi, halijachakaa. Mnaona wenyewe.

#39 Mkaazi_Tromso

Chewa wangu naye ana macho mawili kwenye maji hayohayo, na mwaka wa saba anakufa. Nijibiwe kwanza hilo.